Usiuchomelee Kwanza

Mwezi huu nimeziweka kando barua za minyororo inayoruka na tairi zinazopungua upepo usiku. Zimekuja nne za baiskeli za umeme, na mbili kati yake zina watu walioumia. Kwa msomaji mpya: nimekuwa fundi wa baiskeli miaka ishirini na sita, na hii saba ya mwisho mawakili na watu wa bima huniletea vyuma vilivyovunjika niwaambie vilivunjikaje. Mimi si wakili. Sheria niijuayo ni ile iliyopita mezani kwangu nikiwa na grisi mikononi.

Usukani umekatika, muuzaji amekata simu

"Fundi, shikamoo. Baiskeli yangu ya umeme ina mwaka mmoja na miezi minne. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nashuka mteremko mdogo, barabara kavu, usukani ukakatika upande wa kushoto, pale unapobanwa na shingo. Nilianguka kifudifudi, kiwiko kimevunjika na meno mawili yametoka. Muuzaji anasema usukani ulivunjika kwa sababu nilianguka. Mimi nasema nilianguka kwa sababu ulivunjika. Halafu akaniuliza kama nimegusa mipangilio ya mwendo. Sikudanganya: niliondoa kikomo kwa simu, mota ikawa inasukuma hadi kilomita 40 kwa saa badala ya 25. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: dhamana imekufa, yote ni juu yako. Kuna fundi ameniambia atauchomelea kesho kutwa niendelee na maisha. Nifanyeje?" *Mwenye mkono kwenye plasta*

Marahaba, na pole sana. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie fundi huyo simu umwambie asiwashe mashine. Usukani usichomelewe, usipigwe msasa, usipakwe mafuta. Wala usivikutanishe vile vipande viwili kuona kama vinashikana. Najua mkono unawasha. Kila aliyevunjikiwa na kitu hufanya hivyo. Lakini kwenye nyuso mbili za ule mkato ndiko kesi yako ilikoandikwa, na zikisuguana zinafutana.

Alumini ina namna mbili za kukatika. Ikipigwa mara moja kwa nguvu kuliko inavyoweza kustahimili, inapinda, inavutika, inakatika, na uso wa mkato unakuwa na chembechembe na mng'ao mmoja mahali pote, kama sukari guru iliyomegwa. Namna ya pili ni chuma kuchoka. Ufa mdogo kama unywele unaanzia kwenye mkwaruzo au pale makali ya shingo yanapobana, na kila shimo la barabarani linaufungua kidogo zaidi. Huo unachukua majuma au miezi. Ukiukagua uso wake utaona sehemu laini yenye mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha ufukweni yanapokupwa. Mara nyingi sehemu hiyo imefifia au imeingia uchafu, maana ilikuwa wazi kwa hewa siku nyingi. Kisha inafuata sehemu ya mwisho, mbaya na yenye kung'aa: hiyo ndiyo iliyokuwa bado imeshika asubuhi ya siku ile, na ndiyo iliyokatika kwa sekunde moja.

Kama kipande chako kina ile mistari, ubishi wa nani alianza umekwisha. Ufa ulikuwepo kabla ya safari. Kuanguka hakuna subira ya kuchora mistari.

Picha uliyonitumia imetiwa kivuli na kidole gumba chako mwenyewe, lakini upande wa chini naona kitu kama mwezi mchanga, cheusi kuliko kwingine. Kwa picha ya simu siapi. Tafuta mtu mwenye kioo cha kukuza, na jambo likifika mahakamani, mtaalamu wa metali mwenye hadubini ya elektroni.

Sasa usishangilie mapema. Ufa unasema *lini*, hausemi *nani*. Pengine bomba lilitoka kiwandani likiwa jembamba upande mmoja. Pengine kingo za shingo ziliachwa kali, na hilo ni kosa la aliyeichora, maana basi zote ziko hivyo. Pengine duka, au wewe, mlikaza skrubu kupita kiasi. Juu ya shingo nyingi pameandikwa kiwango cha nguvu ya kukaza, kwa kawaida newton-mita 5 au 6, na watu hukaza mpaka mshipa wa shingo yao wenyewe utoke. Je, iliwahi kuanguka kabla? Ilibebwa juu ya gari ikiwa imefungwa kwa usukani? Jibu hayo kwenye karatasi leo, kwa ukweli, kabla wakili wa upande wa pili hajakuuliza.

Na ile 40? Hapa ndipo muuzaji amekuchanganya, na nadhani amefanya makusudi. Kosa la mpanda na kosa la kiwanda ni madaftari mawili. Deni la daftari moja halifuti la jingine. Katika sheria ya bidhaa ya Ulaya, tangu maelekezo ya mwaka 1985, aliyeumia anatakiwa kuonyesha kasoro, madhara, na kwamba hiki kimeleta kile. Hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote kiwandani. Marekani walifika huko mwaka 1963, Mahakama ya Juu ya California, kwa kisa cha mtu aliyepewa na mkewe zawadi ya mashine ya useremala, kipande cha mbao kikamrukia usoni. Baada ya kasoro kuthibitika ndipo unapimwa mchango wako, na fidia inapunguzwa kwa kadiri hiyo. Mahali pengine ukipita nusu ya lawama hupati kitu. California utapata kilichobaki hata kikiwa kidogo.

Kwa hiyo swali lenyewe ni jembamba kuliko alivyoliuliza muuzaji: je, ile 40 ndiyo iliyokata usukani? Kikomo cha 25 kinaizuia *mota*, hakiizuii baiskeli. Mteremko ukiwa mrefu, baiskeli isiyo na mota kabisa inafika 40, na hakuna kiwanda kitakachosema usukani wake haukutengenezwa kwa ajili ya mteremko. Lakini usijifiche hapo. Nishati unayoipeleka chini unapoanguka hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 25 hadi 40 ni mara mbili na nusu na zaidi kidogo. Kama mota ndiyo iliyokufikisha 40, huenda mwendo haukukata usukani, lakini ukashiriki kukung'oa meno. Mwanasheria mzuri wa kiwanda atagawanya hivyo hivyo, na mimi nikiitwa nitakubaliana naye.

Kuna deni lako jingine. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme ni ile yenye mota isiyozidi wati 250 za kudumu, inayokusaidia ukipiga pedali tu, na kuacha ikifika 25. Inayosaidia hadi 45 inahesabiwa kuwa pikipiki ndogo: namba, bima, masharti yake. Marekani nako majimbo mengi yana madaraja matatu: mawili yanaishia maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, na la tatu maili 28, yaani 45. Ukiiondolea baiskeli kikomo unaweza kuwa umepanda chombo cha jina jingine bila kushuka kitini, na bima yako ikaondoka kimyakimya. Hata hivyo, kiwanda kilichoweka kikomo kinachoondoka kwa kubofya mara chache kwenye simu hakiwezi kujifanya kimeshtuka. Sheria za bidhaa huangalia pia matumizi mabaya ambayo mtengenezaji angeweza kuyatarajia. Binafsi naona kufuli ambalo ufunguo wake umening'inizwa mlangoni ni pambo.

Neno dhamana nalo tuliweke mahali pake. Dhamana ni ahadi ya kutengeneza au kubadilisha *kitu*. Kiwiko chako hakimo kwenye dhamana na hakijawahi kuwamo. Dhima ya kuumiza mwili inatoka kwenye sheria, na Ulaya mtengenezaji hawezi kuifuta kwa kifungu cha mkataba. Mstari mmoja wa muuzaji hauwezi kufanya ambacho mkataba mzima hauwezi.

Atakuja na la pili: "usukani hatukutengeneza sisi, tuliununua kwingine." Hiyo ni hadithi ya mwaka 1916. Gurudumu la gari la Buick, lenye spoki za mbao, lilivunjika, na mwenye gari akarushwa nje. Buick wakasema gurudumu tulinunua kwa mtu mwingine, na gari tulimuuzia wakala, si huyu. Jaji Benjamin Cardozo wa mahakama ya rufaa ya New York hakukubali: aliyeunganisha gari na kuliweka jina lake alikuwa na wajibu wa kukagua. Na usidhani ni mambo ya mababu. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi iliwaamuru Babboe, watengenezaji wa baiskeli za kubebea mizigo na watoto, wasimamishe mauzo, kwa kuwa fremu zilikuwa zinaweza kuvunjika.

Fanya hivi basi. Kila kipande kifunge peke yake kwenye karatasi kavu. Baiskeli iliyobaki usiiguse, hata tope. Kwenye simu usiisasishe programu ya baiskeli wala kuirudisha mwanzo. Baadhi ya mifumo huhifadhi hitilafu na kilomita. Tafuta risiti, piga picha namba ya fremu, chukua nakala za hospitali. Wakikuomba uwapelekee baiskeli waikague, waambie karibu, lakini ikaguliwe ukiwepo wewe au mtu wako, maana nimeona vyuma vikienda kukaguliwa na kurudi vikiwa vimesafishwa vizuri mno. Na umwone wakili mapema: Ulaya una miaka 3 tangu ulipojua madhara, kasoro na mhusika, na mlango unafungwa kabisa bidhaa ikitimiza miaka 10 sokoni. Kwingine ni mifupi zaidi.

Mtoto anasema breki zilishika, mota ikasukuma

"Fundi, mwanangu wa miaka 13 amemgonga mzee aliyekuwa akivuka kwa miguu. Mzee amevunjika nyonga. Baiskeli ni ya akseleta, nilimnunulia mimi. Anaapa alibana breki lakini mota ikaendelea kusukuma. Baba yake anasema anajitetea. Dada yangu ananishauri nishikilie neno la mota ili tusilipe." *Mama mwenye usingizi mbovu*

Mama, kamwone mzee kwanza, kama hujaenda. Yeye na nyonga yake hawamo katika ubishi wenu na kiwanda. Katika nchi nyingi anaweza kukudai wewe uliyemkabidhi mtoto chombo kisicho cha umri wake, halafu ni juu yako kumgeukia mtengenezaji ukiwa na ushahidi. Soma kitabu cha baiskeli ukurasa wa mwanzo. Watengenezaji wengi huandika miaka 16, kwa herufi ambazo mtu hahitaji kuzisoma ili kulipa.

Sasa mtoto. Baiskeli nyingi za akseleta zina swichi ndogo ndani ya mkono wa breki. Ukivuta kidogo tu, inakata umeme wa mota kabla breki zenyewe hazijagusa. Swichi ikikwama, mota inasukuma huku breki zinazuia, na mtoto mwepesi anahisi kitu kile kile alichokuambia. Si jambo ambalo mtoto wa miaka 13 angelibuni. Mtafute fundi ambaye si wa duka lililokuuzia. Gurudumu lenye mota linyanyuliwe, umeme uwashwe, akseleta ifunguliwe, breki ivutwe polepole, huku mtu anarekodi video na upande wa mzee ukiwa umealikwa. Mota ikiendelea, mtoto alisema kweli. Ikikatika, bado hujathibitisha kwamba ilikatika siku ile; maji kwenye kiunganishi huja na kuondoka. Mwambie anyunyizie maji na kurudia.

Aangalie pia pedi za breki. Niliwahi kuletewa binti aliyeambiwa na wazazi wake kwa miezi miwili kwamba anaogopa tu, kila akisema breki zinateleza. Nikazitoa pedi: zimelowa mafuta. Duka la matengenezo lilikuwa limenyunyiza mnyororo na diski ikapata sehemu yake. Kiwanda hakikuwa na kosa, binti hakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa mtu wa kazi yangu.

Dada yako umwambie hapana. Neno la mota likiwa kweli litasimama lenyewe, na likiwa uongo mtoto wako ndiye atakayeketishwa mbele ya watu wazima alirudie. Na baiskeli ile asirudishiwe, hata ikionekana nzima.

Chaja ya kuazima

"Chaja yangu imekufa. Ya rafiki yangu inaingia kwenye tundu bila shida. Naweza kuitumia?" *Mwenye haraka*

Kama imechomekwa sasa hivi, chomoa, kisha urudi kusoma.

Kuingia si kufaa. Betri ya volti 36 huwa na makundi 10 ya seli mfululizo na hujaa kwenye 42.0. Ya volti 48 huwa na makundi 13 na hujaa kwenye 54.6. Plagi zao zinaweza kuwa pacha. Ukiipa ya kwanza chaja ya pili, unategemea saketi ndogo ya ulinzi ndani ya betri ikatae, na kwenye betri za bei ya kutupa saketi hiyo wakati mwingine ndiyo waliyobania fedha. Seli ya lithiamu ikishapita kiasi inajipasha moto yenyewe, inapasha jirani yake, na hakuna swichi ya kuzima hapo. Mwaka 2023 New York peke yake moto wa betri za lithiamu uliua watu 18. Mwaka huo huo jiji likaanza kudai cheti cha viwango vya UL, shirika la Marekani la usalama wa bidhaa, kwa baiskeli za umeme na betri zinazouzwa humo. Kwa maoni yangu kiwanda kinachotumia plagi ile ile kwa volti tofauti kinajitafutia kesi. Lakini namba zimeandikwa mgongoni mwa chaja, na wewe una macho.

Nimefunga mota mwenyewe, jirani anaitaka

"Fundi, nilinunua mota na betri kwenye boksi nikazifunga kwenye baiskeli yangu ya zamani, gurudumu la mbele. Inakwenda vizuri. Jirani anataka kuinunua. Akiumia, si ataenda kwa waliotengeneza mota?" *Mwenye mikono yake*

Nikusimulie yangu. Nilifunga mota kama hiyo, mbele vile vile, kwenye uma wa alumini, ile mikono miwili inayoshika gurudumu. Juma la pili, naondoka kutoka kusimama, kilima kimeanza, nikafungua akseleta yote. Ekseli ikajizungusha ndani ya midomo ya uma, ikaipanua, gurudumu likatoka likaenda zake, nami nikatua kwa bega. Mtulinga ulivunjika. Nikakaa kitandani nikaandika barua kwa kiwanda, kurasa tatu, na sikuchagua maneno. Siku ya kumi na nne nikafungua droo kutafuta bahasha. Ndani yake, kwenye kimfuko cha plastiki ambacho sikuwahi kukichana, palikuwa na bamba la chuma lenye tundu bapa katikati na mkono mrefu: lile linaloshika ekseli na kuifunga kwenye uma ili isizunguke. Barua sikuituma.

Bado naona walikuwa na sehemu yao. Bamba hilo lilionyeshwa kwenye karatasi kwa mchoro mmoja, bila neno hata moja, katikati ya michoro ya nati na washa, na onyo la hatari lisilo na maneno mimi silihesabu kuwa onyo. Lakini nilikuwa fundi wa miaka mingi, na niliisukumia droo ile kwa kiuno changu mwenyewe.

Kuhusu jirani: hapana, hataenda kwao peke yao. Mota walitengeneza wao; *baiskeli ya umeme* umetengeneza wewe. Uliamua uma utabeba nini, breki za zamani zitazuia uzito gani, waya zitapita wapi. Maelekezo mapya ya Ulaya ya mwaka 2024, yatakayohusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, yanasema wazi kwamba anayeibadilisha bidhaa kwa kiasi kikubwa nje ya mikono ya mtengenezaji, kisha akaitoa kwa wengine, naye ni mtengenezaji. Sheria hiyo imeelekezwa zaidi kwa wanaofanya biashara, si kwa mtu anayemuuzia jirani mara moja, lakini uzembe wa kawaida unakufikia popote ulipo: ukijua, au ukiwa ulipaswa kujua, umeuza hatari.

Kabla hajaja na fedha, nitulize roho. Fungua nati za gurudumu la mbele, angalia kama uma ni wa chuma au alumini, angalia kama midomo yake imeanza kupanuka hata kwa upana wa kucha, na unipigie picha ya ekseli pande zote mbili, kidole gumba kikiwa mbali. Halafu kaangalie ndani ya boksi kama kuna kimfuko cha plastiki.